Mtu Aliyengoja Panya Wazeeke

Sikumwamini tangu siku ya kwanza, na sitaki mtu adhani nilianza kumshuku baadaye, mambo yalipoharibika. Kushuku ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa mkaguzi wa nyama katika machinjio moja ya Kisumu, na mkaguzi halipwi kwa kusifu ng'ombe. Ng'ombe ataingia amenona, manyoya yanang'aa, mwenyewe anaapa kwa jina la Mungu kwamba mnyama huyo hajawahi hata kukohoa. Pasua ini sasa. Tangu nilipoizoea kazi hiyo, mtu akinijia na uso mzuri mimi hujiuliza ini lake likoje.

Yeye alikuja na uso mzuri pamoja na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Alisimama pembeni, suruali imepigwa pasi, viatu vimepigwa rangi, katikati ya damu na mavi, akangoja nimalize kupiga mihuri. Kisha akaomba kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniomba: tezi za shingoni za ndama.

"Hizo si huwa mnatupa?" akaniuliza.

"Zingine tunatupa, zingine watu wa mbwa wanachukua. Wewe uko na mbwa?"

"Sina."

"Unakula?"

"Sili."

"Sasa ni za nini?"

"Za kusoma," akasema.

Watu niliowajua mimi walikuwa wakisoma vitabu. Nilimpa tezi zile kwa sababu hazikuwa na kasoro na sikuwa na sheria ya kumnyima, lakini niliandika katika daftari langu la kazi kwamba zimechukuliwa na mtu asiyejulikana, kwa matumizi yasiyojulikana. Jioni nilipofika nyumbani Migosi, nikamkuta mtu huyo asiyejulikana akishusha vitu kutoka kwenye pikapu, nyumba ya pili, ng'ambo ya ua wangu wa kayaba. Ndiye aliyekuwa mpangaji mpya. Baadhi ya vitu alivyoshusha vilikuwa vizimba vya waya, na ndani ya vizimba mlikuwa na panya weupe.

Migosi nzima ilimwita Daktari. Mimi nilitaka kujua ni daktari wa nini. Alikuwa na kazi ya nusu siku katika maabara ya mifugo, hilo lilijulikana. Ilijulikana pia kwamba alisoma miaka mingi katika nchi ya baridi, kwa wazungu ambao si wale tuliowazoea, akarudi na cheti chenye herufi ambazo hakuna mtu mtaani aliyeweza kuzisoma. Nilimwomba anionyeshe. Akakileta bila kinyongo, akakiweka juu ya meza yangu, akaninyooshea kidole palipo na jina lake. Niliangalia muhuri kwa muda mrefu, maana muhuri ndicho kitu ninachokijua, nikaona kwamba ulikuwa muhuri mzuri. Hata hivyo cheti ambacho hakuna anayeweza kukisoma na karatasi tupu vina tofauti gani?

Nyumba yake ilitoa harufu. Haikuwa harufu ya panya tu, ingawa hiyo nayo ilikuwepo. Kuna siku ilitoka harufu ya siki, na siku nyingine harufu ya ile dawa ambayo wanawake hutumia kutoa rangi ya kucha. Jirani yetu wa mbele, Mama Pamela, aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Kibuye na kwa hiyo hakuwa mtu wa kusumbuliwa na harufu ndogo ndogo, ndiye aliyenijia na uamuzi.

"Baba Akinyi, huyo mtu anapika chang'aa. Nimeona chupa iko na shingo ndefu hivi, na mpira imetoka ndani inaingia kwa chupa ingine."

"Chang'aa hainuki hivyo," nikamwambia.

"Basi anapika kitu mbaya kushinda chang'aa."

Kwa hilo tulikubaliana.

Nilimuuliza mwenyewe, maana sipendi kushuku nikiwa nimekaa. Alifurahi kuulizwa, na hiyo pia niliiona ni dalili mbaya. Akachukua uzi na punje za mahindi mabichi, akazitunga kama shanga. Protini ya mwili, akasema, ni mtungo mrefu wa shanga, mamia kwa mamia. Mwili wenyewe huukata mtungo huo vipande, na kuna vipande vifupi sana, shanga mbili, tatu, nne. Hivyo ndivyo vinavyoitwa peptidi. Watu wengi hudhani ni takataka iliyobaki. Lakini wale walimu wake wa nchi ya baridi waliamini kwamba vipande hivyo ni maagizo.

"Kama kikaratasi mkubwa wa ofisi anamtumia karani," akasema. "Kidogo tu, 'fanya hivi'. Tezi ya ndama inaandika vikaratasi mingi sana. Inaambia askari wa mwili waamke, walinde. Ng'ombe akizeeka, tezi inaacha kuandika. Mwili unabaki na makarani wamekaa tu."

"Nani amekuambia tezi inaacha?"

"Si wewe ndiye unapasua? Ulishaona hiyo tezi kwa ng'ombe mzee?"

Hilo nililijua kwa kisu changu, kabla hata sijamjua yeye. Katika ndama tezi hiyo ni nono, nyeupe yenye wekundu kidogo, inashuka shingoni hadi kifuani. Katika ng'ombe aliyezeeka unaitafuta na kuikosa, unakuta mafuta tu mahali pake. Nilikuwa nimeliona jambo hilo maelfu ya mara na sikuwahi kujiuliza maana yake. Kusema kweli iliniudhi kwamba mtu wa kuja na ndoo ndiye aliyeniuliza.

Basi kazi yake ilikuwa kutoa vikaratasi hivyo katika tezi za ndama, na vingine katika ubongo wa ndama, akavikausha vikawa unga mweupe, akauyeyusha katika maji ya chumvi na kuwadunga panya. Wengine aliwadunga dawa, wengine maji ya chumvi matupu. Masikio yao aliyakata pembeni, pengo moja au mapengo mawili, ili asiwachanganye. Baada ya hapo hakufanya kitu. Alingoja. Panya wa dukani watu huwatega, na mitego ilikuwepo kila nyumba ya Migosi. Yeye alikuwa na panya wake anaowapa mahindi yaliyosagwa na maji safi, akingoja wazeeke na wafe wenyewe, ili ajue ni kundi gani lililochelewa kufa. Mmoja akifa, aliandika siku. Kisha akampasua, akamzika nyuma ya choo. Niliwahi kumsikia akimwambia mtu, "Panya hakufurahishi. Akiwa mgonjwa, ni mgonjwa. Binadamu ukimpa dawa anakuambia amepata nafuu, kwa sababu ameona umechoka."

Alikuwa na misemo ya aina hiyo, na mingi ilinipendeza bila ya kutaka. "Usiniamini, hesabu," alipenda kusema. Mtu anayekuambia usimwamini ni wa kuogopwa mara mbili, nikawaza, maana anajua unachowaza.

Jambo lililotutatanisha wote lilikuwa kichwa chake. Miaka ilikwenda, mimi nikapata mvi, Mama Pamela akapata mvi, na kichwa cha Daktari kikabaki cheusi tititi. Watu wakaanza kusema anajidunga mwenyewe. Anatumaliza sisi, anabaki yeye. Hata mimi nilianza kumwangalia mikono, kama ina mikunjo. Ndipo siku moja Mama Pamela akaja mbio na kitu amekishika kwa ncha za vidole: pakiti tupu ya rangi nyeusi ya nywele, iliyotoka katika takataka za Daktari. Tulicheka hadi machozi. Mtu anatafuta dawa ya uzee kwa panya, na yake mwenyewe anainunua dukani! Lakini nilipokwisha kucheka nikakumbuka kwamba mtu anayeficha kitu kidogo namna hiyo hashindwi kuficha kikubwa.

Hakuwa mnyimivu, nikimsema vibaya kwa hilo nitakuwa mwongo. Mtoto wa mtu akiungua usiku au mchana, yeye ndiye aliyekuwa na bandeji. Funguo za nyumba yake aliziacha kwa yeyote. Alikuwa mtu wa kushuku kila kitu kilichoandikwa na kumwamini kila mtu aliyesimama mbele yake. Mimi ni kinyume chake kabisa, na labda ndiyo sababu tulizungumza sana.

Lakini dawa hakumpa mtu. Mwanzo wa miaka ya tisini kila Jumamosi kulikuwa na mazishi, na watu waliokuwa na nguvu mwaka jana walikuwa wakishikwa mikono kwenda msalani. Habari zikatoka Migosi zikafika Manyatta, zikafika ufuoni Dunga, kwamba kuna mtu ana dawa ya kuamsha askari wa mwili. Jumapili baada ya kanisa walianza kuja. Walisimama getini na wagonjwa wao wamefunikwa shuka. Mvuvi mmoja alileta samaki mkubwa, mbuta, amemfunga kwa majani, akapiga magoti. Daktari alitoka akasimama mbele yao, mikono imening'inia.

"Sina dawa," akasema. "Niko na panya."

"Tusaidie tu, jaduong', mzee wetu. Hata kama ni ya panya," mvuvi akasema.

"Sijui itawafanya nini. Inaweza kuwamaliza haraka."

"Si tunamalizika tu."

Alirudi ndani akafunga mlango, na mbuta yule akabaki getini mpaka jioni. Watu waliondoka wakimlaani. Mama Pamela alisema anangoja wazungu waje wainunue. Mimi nilisema hana chochote, na ndiyo maana hawezi kutoa. Siku hiyo hatukupata hata mmoja wa kumtetea.

Sasa nifike kwa mama yangu, maana kama si yeye nisingekuwa na haja ya kuandika habari za jirani.

Nilimleta kutoka nyumbani Nyakach baada ya kupotea mara mbili njiani akitoka kuteka maji, njia aliyoipita tangu alipoolewa. Alikuwa mwanamke aliyejua madeni ya kijiji kizima kwa kichwa, nani ameazima jembe la nani. Migosi alikuwa akifagia mahali pamoja mpaka udongo unachimbika. Aliweka beseni la plastiki juu ya jiko lenye moto. Alimtafuta baba yangu, ambaye tulimzika mimi nikiwa darasa la tano, akamwekea chakula, akakasirika kwamba amechelewa. Na mimi alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekukaribisha vizuri, akaniuliza, "Nyathina," kama wazee wanavyomwita kila mtoto, "wewe mtoto wa nani?"

Nilikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Sijui niseme nini zaidi kuhusu swali hilo.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilimeza shaka zangu zote nikaenda kwa Daktari, nikamkuta akiwapa panya maji. Nilimwambia nimesikia kwamba ule unga wa ubongo wa ndama unafanya kazi katika kichwa. Nilimwomba ampe mama.

"Bwana Mkaguzi, hii kitu sijaipima kwa mtu. Panya wangu bado wako hai."

"Sasa wakiwa hai si ndiyo vizuri?"

"Hapana. Nangoja wakufe kwa uzee. Hapo ndio nitajua."

"Mama yangu atakufa kabla ya panya yako."

"Pole sana," akasema, na hakuniangalia.

Nililia mbele ya mtu yule, mimi ambaye watu wa machinjio walidhani sina machozi. Nilimshika mkono. Nikamwambia mgonjwa haulizwi uji, asiniulize mimi na asimuulize yeye, ampe tu. Akautoa mkono wake taratibu na kuniambia niende nyumbani. Nilikwenda, na kutoka siku hiyo nikamchukia waziwazi.

Ajabu ni kwamba baada ya hapo hakuniacha. Kila jioni, nikitoka kazini, alikuwa amesimama upande wake wa kayaba, mikono mfukoni, na kila jioni aliniuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Mama ameshindaje? Amekula kiasi gani? Amelala mchana? Amemwita nani kwa jina? Mwanzoni nilidhani ni dhamiri inamsumbua, nikaona vizuri isumbuke. Nilimjibu kila kitu, kwa ukali, bila kuongeza na bila kupunguza, ili ajue alichokataa kukitibu. Siku nyingine mama alikuwa na nafuu kidogo, siku nyingine hapana, ndivyo ugonjwa ule ulivyo. Yeye alisikiliza, akasema "haya," akaingia ndani.

Kisha Mama Pamela akaniambia jambo.

"Daktari anakuja kwako saa saba, wewe ukiwa kazi na mwalimu akiwa shule. Ako na mkebe ya bati. Anakaa na dana, mama yako, kidogo, anatoka."

Mwalimu ni mke wangu. Siku iliyofuata niliacha mihuri kwa mwenzangu nikarudi mapema, nikapita nyuma. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akichagua maharagwe, na Daktari yuko kwenye kigoda karibu naye. Mama alikuwa akimsimulia habari za mafuriko ya zamani, wakati mto ulipochukua mbuzi wao. Kila baada ya maneno machache alimwita, "Ochieng'."

"Antie," Daktari akajibu, yaani nipo.

Ochieng' ni mjomba wangu. Amekufa zamani. Sikujua lililoniuma zaidi, kwamba mama alimjua marehemu na mimi, nilivyoona, hanijui, au kwamba mtu yule aliitika. Nilimuuliza anatafuta nini nyumbani kwangu. Akasimama, mkebe wa bati kwapani.

"Nimekuja kumsalimia tu."

"Na hiyo mkebe inasalimia pia?"

Alimuaga mama kwa Kidholuo, kwa heshima zote, akapita mbele yangu akatoka.

Jioni hiyo alisimama kwenye kayaba na maswali yake yale yale, nami nikamjibu kwa ukali kuliko siku zote. Usiku mke wangu, baada ya kumwogesha mama, aliniita nimtazame mkono. Mama alikuwa ameshavaa, amepandisha sweta hadi begani. Hapo sikuhitaji kuambiwa na mtu. Alama ya sindano katika nyama naijua kuliko ninavyoijua sahihi yangu. Nimetupa mapaja mangapi ya ng'ombe kwa sababu yake. Kulikuwa na vitone, kila kimoja na wekundu wake ukizunguka. Vingine vilikuwa vimegeuka manjano, vya siku nyingi, na kimoja kilikuwa cha mchana ule. Nilivihesabu tisa.

Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Aliponikatalia alikuwa hataki deni la shukrani wala mtu wa kumuuliza. Alitaka mtu ambaye hawezi kusimulia, mtu atakayesahau kabla sindano haijatoka. Amemfanya mama yangu panya. Amempa hata maswali ya panya: amekula, amelala. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nikimpelekea habari kila jioni kwa mdomo wangu.

Sikumwendea. Mtu mwingine angemwendea, angempiga, wangeamuliwa, yangeisha. Mimi nilifanya kama ninavyofanya machinjioni nikiona doa moja: natupa mzoga mzima, simwulizi mwenye ng'ombe. Asubuhi iliyofuata, juu ya meza ya mihuri, niliandika barua kwa Bwana Afya, bila jina, kwamba Migosi kuna mtu anafuga panya wa magonjwa na kudunga watu vitu visivyojulikana. Nilimpa tarishi aipeleke saa hiyo hiyo. Nilipoosha mikono nikaona vidole vyangu vina wino wa zambarau, ule wa kupigia nyama muhuri, nikawaza kwamba huenda karatasi imeshika. Nikajiambia potelea mbali.

Walikuja kesho yake, Bwana Afya na askari wawili. Chupa zilimwagwa mtaroni. Vizimba vilitumbukizwa kimoja kimoja katika pipa la dawa ya kuogeshea ng'ombe, na panya waliobaki, wale wazee, hawakuchukua muda. Watu wote wa mtaa walisimama kutazama. Daktari hakupigana wala kusema juu ya vyeti vyake. Alimwomba Bwana Afya kitu kimoja, aruhusiwe kuwatoa waliokufa aangalie masikio yao aandike. Bwana Afya akamuuliza kama ana wazimu. Askari mmoja alicheka, na nadhani mimi pia nilicheka.

Maabara ikamfukuza. Kabla ya kuhama Migosi alisimama kwenye kayaba jioni moja, mahali pale pale.

"Mama ameshindaje?" akaniuliza.

Nilimgeuzia mgongo nikaingia ndani. Mama alifariki mwaka uliofuata, tukamrudisha Nyakach.

Miaka ikapita, nikastaafu, nikaanza kufuga kuku, kazi ya wastaafu wote. Mwisho mwisho wa miaka ya tisini ugonjwa ukaingia bandani, kuku wanapinda shingo na kufa. Watu wakaniambia niende Nyamasaria, barabara ya Nairobi, nyuma ya kinu cha posho, kuna mzee anachanja kuku vizuri. Nilibeba waliobaki katika kikapu. Mzee alikuwa ameinama akimdondoshea jogoo wa mtu dawa jichoni. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote. Alipoinuka nikamjua kwa macho.

"Bwana Mkaguzi," akasema.

"Daktari."

Alipokea kikapu, akawatazama kuku mmoja mmoja, akawatenga wawili. Hawa wamekwisha, akasema, wale atawachanja. Nilimwacha afanye kazi. Nilikuwa nimelibeba swali lile miaka yote hiyo na nilijua kwamba nikiondoka nalo nitazikwa nalo.

"Mbona ulifanya mama yangu panya?"

Aliendelea kumshika kuku.

"Wewe ndiyo uliniomba."

"Nilikuomba, ukakataa."

"Nilikataa na mdomo. Umetoka, sikulala. Nikajidunga mimi kwanza, wiki mbili, nikaona sijafa. Ndio nikaanza yeye."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeanza kuona vitu. Mtoto anayependa mama yake akiambiwa kuna dawa, anaona vitu. Mwenye kuangalia hafai kujua. Hiyo ndiyo kazi inavyofanywa." Akamweka kuku chini. "Na mwenye kuangalia alikuwa wewe. Migosi yote sikuona mtu mwingine hawezi kudanganywa na tumaini yake."

Nikakaa juu ya debe lililokuwa pale. Nilimuuliza kama mama alijua.

"Nilimwambia kila siku kabla ya sindano. Kila siku alikubali, na kila siku alisahau. Nikajiambia hiyo ni ruhusa." Akafunga chupa ya chanjo. "Haikuwa ruhusa. Aliyekubali alikuwa anakubalia Ochieng'. Hapo nilikosa, na hakuna mtu alinilazimisha. Barua yako sikuilaumu sana. Walinionyesha, iko na kidole chako, zambarau."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ilimsaidia?"

"Tisa. Nilitaka kumi, tupumzike, turudie. Mtu mmoja, sindano tisa, hiyo si kitu, Bwana Mkaguzi. Huwezi kusema chochote."

Lakini aliingia ndani ya chumba chake akatoka na daftari la shule, jalada limeliwa na mende. Akanifungulia ukurasa. Mwandiko ulikuwa wake na maneno yalikuwa yangu, yale niliyomtupia kwa chuki juu ya kayaba, jioni baada ya jioni, kila moja na tarehe yake. Wiki mbili kabla ya sindano: hajui jina langu, hajui jina langu, ameniuliza mimi mtoto wa nani. Sindano ya tano: ameniuliza kama nimekula. Ya saba: ameniita Owuor. Ya nane: ameniita Owuor, akauliza Akinyi yuko shule gani. Ya tisa: ameniita Owuor.

Ndilo jina langu. Nilikuwa nimelisikia kwa mama yangu siku tatu mfululizo, nikalisema kwa mdomo wangu mwenyewe, na nilikuwa nimesahau kabisa, kwa sababu siku zile nilikuwa na shughuli ya kumchukia mtu.

Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mtupu. Daktari alitoa kalamu mfukoni mwa shati, akapiga chafya kwa vumbi la kinu, akaliweka daftari gotini.

"Baada ya mimi kuhama," akaniuliza, "alikuita tena?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Sijui kwa nini, labda ili apate kitu kidogo, au nipate mimi. Nikamwambia hapana, hakuniita tena mpaka tulipomzika. Akaniuliza tarehe ya maziko, akaiandika.